Ubao wa Kugusa

Mkufunzi alikuwa amechoshwa na mjomba wake hadi basi. Wiki ya tatu sasa, kila siku baada ya vipindi, anamfundisha kutumia ubao wa kugusa, ule wa kioo uliofungwa ukutani kando ya ubao wa chaki, na bado mzee anauendea kwa kunyata kama anaogopa kuuamsha.

Na mkufunzi alijitakia mwenyewe. Ofisi ya elimu ilipogawa mbao hizo, aliwabembeleza wakubwa wake wa kazi mpaka mmoja ukaletwa kwa mjomba, mwalimu wa hesabu aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, ambaye wanafunzi walimbatiza Mzee Chaki. Sharti lilikuwa moja tu: Ijumaa mkaguzi angekuja, na mwalimu asipouendesha mwenyewe, ubao ungehamishiwa shule nyingine.

Alhamisi mjomba alikuwa bado anatafuta pa kuwashia. Aliinua kidole, akakirudisha, akavua miwani, akaipangusa kwa tai. Taratibu, utadhani wana mwezi mzima mbele yao! Damu ilimchemka mkufunzi.

"Hebu, Mjomba," alisema, na kabla mzee hajajibu ubao ulishawaka, somo la hesabu za sehemu limefunguka. "Umeona? Rahisi."

"Nimeona, mama," mjomba alijibu, kama alivyojibu jana na juzi.

Nyumbani mkufunzi alimlalamikia mama yake kwamba huyo kaka yake ana kichwa kigumu. Mama alicheka, akamuuliza kama amesahau ni nani aliyemfundisha kugawanya, enzi zile akilia machozi juu ya daftari. Haikumsaidia kitu.

Ijumaa mkaguzi alikaa dawati la nyuma, kalamu mkononi. Mjomba alisimama mbele ya kioo. Dakika ikapita, watoto wakaanza kukonyezana. Mkufunzi uzalendo ukamshinda. Aliinuka, akabonyeza mara mbili, akarudi kukaa. Mkaguzi naye akainuka, akauzima ubao, akamwomba mwalimu auwashe yeye.

Mjomba aliutazama ubao, kisha akamtazama mpwa wake kwa huruma, kana kwamba binti ndiye aliyekuwa kwenye mtihani.

"Huyu asilaumiwe," alimwambia mkaguzi. "Kazi yake anaijua. Ila mimi ubao huu sijawahi kuugusa. Kila nikinyoosha mkono, wa kwake umeshafika."

Mkaguzi akaandika. Mkufunzi alitaka kubisha, akazipitia siku zile moja baada ya nyingine kichwani, akakosa hata moja ya kutaja. Aliona aibu, na hasira yote ya wiki tatu ikakosa pa kwenda ila kwake mwenyewe.

Mjomba hakutaka kipindi kipotee. Aligeukia ubao wa chaki, akaandika nusu jumlisha theluthi, akamwita msichana wa dawati la mbele. Mtoto aliandika, akafuta, akaandika tena vilevile, vibaya. Kiti cha mkufunzi kikakwaruza sakafu. Alikuwa ameshanyanyuka bila kujijua.

Mjomba alisimama pembeni, mikono ameifunga nyuma, anamsubiri mtoto.