Baba Watatu wa Irbid

Baba ni mhadhiri wa kemia hapa Irbid. Uprofesa alikuwa anauona kabisa, mpaka kamati ikamjibu kwamba makala zake kwenye majarida ya nje hazitoshi.

"Hazitoshi vipi?" akaniuliza, kana kwamba kamati ni mimi.

Nikafungua kompyuta. Kwa Kiarabu jina lake ni moja. Kwa herufi za Kizungu, kwenye kila makala aliliandika lilivyomjia siku hiyo: Qutaiba, Kotaiba, Gutayba. Mtandao ukahesabu watu watatu, makala zikagawanyika kati yao.

"Hongera, Baba. Mko watatu, na Kotaiba ndiye mwenye bidii."

"Acha utani, mwanangu. Waandikie, waambie wote ni mimi."

Nikawaandikia. Jarida moja lilishakufa. Lingine likajibu kwamba ombi lazima litoke kwa Gutayba mwenyewe, kwenye barua pepe yake ya zamani, ambayo Baba alishasahau nywila yake.

"Ungenishauri mapema nichague jina moja."

"Ulikuwa hujanizaa."

Akacheka kidogo, chai ikimpoa mkononi. Kisha akaisogelea skrini.

"Huyu Kotaiba peke yake, wangempa?"

Nikamhesabia.

"Naye hazimtoshi, Baba."