Kilio cha Rayya

Badriya alipofariki Riyadh kwa maradhi ya ini, mdogo wake Mashavu alitoka Jeddah kwenda kumlea mtoto wa marehemu, Rayya, wa miaka mitano. Shemeji yake, Muhsin, hashindi nyumbani. Ilikuwa miaka ya neema ya mafuta, mji mzima unabomolewa na kujengwa upya, na yeye ni fundi wa mitambo. Nyumba aliishika dada yake Muhsin, Jokha.

Siku moja mlango ulimbana Rayya kidole hata ukucha ukawa mweusi. Mtoto alijiuma midomo, chozi lisidondoke.

"Lia, mwanangu," Mashavu alimwambia.

"Nikilia utakufa. Shangazi kasema mama kafa kwa sababu nilikuwa nalia sana."

Damu ilimpanda Mashavu. Angeweza kuingia jikoni akamrarua Jokha papo hapo. Hakwenda. Aliapa moyoni: huyu atafedheheka, na mtoto huyuhuyu ndiye atakayemfedhehesha.

"Hebu lia kidogo, tuone kama ntakufa."

Rayya akalia kwa woga, mkono kauweka kifuani kwa mama yake mdogo, ausikilize moyo. Kesho yake akalia zaidi. Akamjaribu baba yake, akamjaribu na paka wa jirani. Hakufa mtu. Ndipo alipoanza kuuliza mwenyewe: feni inazungushwa na nini? Maziwa yanagandishwa na nini? Na mama, aliuliwa na nini? Mashavu alimjibu yote, hilo la mwisho kwa taratibu.

Siku ya hitima ya mwaka, wanawake wa Kizanzibari walijaa ukumbini, wengine wametoka Jeddah. Jokha alimlilia marehemu kuliko wote. Mashavu akamgusa Rayya mgongoni. "Kamuulize shangazi lile lako."

"Shangazi, ulisema kilio changu ndicho kilichomuua mama. Jana nimelia. Wewe leo unalia. Mbona hafi mtu?"

Bibi mmoja akashusha juzuu yake. "Jokha! Ulimwambia mtoto maneno hayo?"

Jokha aliinuka. Akakimbilia chumbani akijifunika uso kwa mtandio.

"Mama mdogo," Rayya alinong'ona, "analia kwa sababu nilimuuliza?"

"Ndiyo. Kwa sababu hiyo."

"Nikamwombe radhi?"

"Akuombe yeye kwanza."

Jokha hakuomba. Muhsin alipopata habari, aliamua kumpeleka Jeddah kwa kaka yao. Asubuhi ya safari, Mashavu ndiye aliyemfungia begi, akaikaza kamba kwa goti.