Baraka Kwanza, Bei Baadaye

Duka kubwa la mjini Santiago lilipoacha kuchukua kasabe, mikate ya muhogo ya Bi. Ercilia ilianza kurundikana sebuleni hadi kwenye kochi la wageni. Pale kwao Monción hakuna wa kumuuzia, karibu kila nyumba inaoka yake. Wanawake wanaokuna muhogo uani walimtazama usoni kila asubuhi, waone kama leo ndiyo siku ya kuambiwa warudi makwao. Yeye aliwaambia wakune tu.

"Mama, nusu ya ukoo iko New York," bintiye Yokasta akasema. "Tuwauzie kwa semina ya mtandaoni."

Akamleta Radhamés, kijana wa mji mkuu anayefundisha watu kuuza, shati limenyooka kana kwamba limepigwa pasi yeye akiwa ndani yake. Juma zima alimfundisha Bi. Ercilia. Atabasamu. Atazame kamera, asijitazame mwenyewe. Awashirikishe wageni, awasimulie habari za bibi yake aliyemwachia jiko. Mama wa watu akayashika yote. Jambo moja tu Radhamés hakumwambia, maana kwake halikuwa jambo: maikrofoni za wageni alikuwa amezizima zote, pasiwe na kelele.

Jumapili, baada ya misa, sura zikaanza kuchomoza kwenye kompyuta moja moja. Wapwa, watoto wake wa ubatizo, wajukuu wa marehemu dada yake. Midomo inacheza, sauti hakuna. Bi. Ercilia akasubiri. Mdogo akimkuta mkubwa huomba baraka kabla hajasema lingine, hata kama waliachana asubuhi ile ile. Akasubiri tena. Kisha akatazama kamera sawasawa kama alivyofundishwa, ila tabasamu hakulileta.

"Nyinyi mmelelewa na nani?" akauliza. "Mnaingia kwangu kama ng'ombe zizini, hata baraka hamuombi? Wewe Wilkin, nimekuogesha kwa mikono hii. Umeota ndevu, ulimi umekatika?"

Wilkin, huko Bronx, akaonekana anajigusa mdomo na kupunga mikono.

"Na mikono ananirushia," akasema Bi. Ercilia, akaanza kuinuka.

"Bibi, nimewazima mimi," Radhamés akanong'ona.

"Umewazima wanangu?"

"Maikrofoni zao, bibi."

"Washa."

Akawasha. Nyumba ikajaa sauti.

"Baraka, shangazi."

"Mungu akubariki, mwanangu. Goti la mama yako linaendeleaje?"

"Baraka, mama wa ubatizo."

"Mungu akubariki. Umeoa, au bado unajifulia?"

Hakumruka mtu. Aliyechelewa naye alipokewa upya, akaulizwa ya kwao, na wengine wakachangia kumcheka. Muda wa semina ukaisha, picha ikajifunga yenyewe, kasabe haijatajwa hata mara moja.

Radhamés akajitupa kwenye kochi, juu ya mikate. "Hatujauza kitu, bibi."

Lakini tangu jioni ile simu haikutulia. Kila aliyebarikiwa alikuwa amekumbuka kasabe ya kwao. Shangazi nitumie, na jirani yangu umtumie. Yokasta akacheka kwa furaha. Radhamés akauliza wamekubaliana bei gani.

"Bei?" Bi. Ercilia akashangaa. "Nimembariki mchana, jioni nimdai hela?"

"Basi utakuwa umegawa bure."

Asubuhi Bi. Ercilia akakaa mlangoni akisikiliza muhogo unavyokunwa uani, akajua sauti ile haina siku nyingi. Akamwita kijana.

"Mama yako mtu wa wapi?"

"Wa Azua, bibi."

"Hapa Monción huna ndugu? Hata wa ndoa?"

"Sina."

"Vizuri. Bei utaitaja wewe."

Semina ya pili Bi. Ercilia alibariki wote, akaulizia magoti na ndoa, kisha akainuka kwenda kutazama jiko ambalo halikuhitaji kutazamwa. Radhamés akaketi pale pale, akataja bei.

"Huyu bahili katoka wapi?" Wilkin akauliza.

"Mtu wa mji mkuu huyo," akajibu mwingine. "Wako hivyo. Mlipe aondoke, shangazi asiaibike."

Wakalipa wote, huku wakimsema. Kochi likabaki tupu, na wanawake wa uani wakaacha kumtazama mama usoni.

Siku ya kuondoka, Radhamés alikuja kuaga, karatasi ya kudai malipo yake iko mfukoni. Akapewa kahawa, akapewa kasabe na parachichi. Yokasta akamsimulia habari za ukoo mpaka jua likapinda. Alipofika mlangoni, masikio yakiwa yamejaa semina zile, mdomo ukamtangulia.

"Baraka, shangazi."

"Mungu akubariki, mwanangu. Msalimie mama."

Alikuwa ameshafika barabarani, amebeba furushi la mikate, alipokumbuka ile karatasi. Akageuka. Bi. Ercilia alikuwa bado mlangoni, anampungia. Naye akapunga, akaenda zake.

"Mtoto mzuri," akasema Bi. Ercilia. Kisha akashusha pumzi. "Haya, Yokasta. Tafuta mgeni mwingine. Huyu sasa hawezi tena kutaja bei."