Zeituni Zilizochumwa Kabla ya Wakati

Kiherehere kilimponza Stratos. Diamanto alirudi kutoka kanisani akakuta mizeituni yake imekwanguliwa yote, na mchumba wa binti yake amesimama kando ya vikapu, meno nje.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimekuchumia, mama. Niliona umechelewa."

"Nimechelewa! Mama Mtakatifu! Hapa ni Kalamata, si kwenu Halkidiki! Zenu ni nene, mnazichuma kijani mkazijaza lozi. Zetu huachwa mtini mpaka ziive zambarau, ndipo tunazichanja tukazitia siki!"

Garifalia akajaribu kumtetea mchumba. "Mama, hata kisiwani Thaso wanazo zao, wanaziacha mpaka zinyauke..."

"Wewe nyamaza!"

Jamani, tuseme ukweli. Kijana hakuwa na ila. Ila yake ni kwamba baada ya arusi angemchukua Garifalia, mtoto wa pekee wa mjane, akaishi naye huko kaskazini. Diamanto alikuwa akitafuta kisingizio cha kuizuia arusi, na leo kimeletwa vikapu kwa vikapu. Akasema moyoni, Mungu si Athumani.

"Sikiliza, baba. Utaziponda kwa jiwe, utaziloweka, na kila asubuhi utakuja kubadilisha maji. Uchungu ukitoka, arusi. Usipotoka, kwaheri."

Basi Stratos akawa anakuja kila asubuhi. Akimaliza maji, anatengeneza lango, anafukuza mbuzi, kisha wanakaa kubishana. Diamanto anamwambia zile za Amfisa, laini na za mviringo, ni chakula cha vibogoyo. Stratos naye anazicheka zile ndogo za Koroneiki.

"Hizo mtu anakula au anatafuta?"

"Za kukamua mafuta hizo, mjinga wewe!"

Wakacheka hadi kahawa ikamwagika. Tangu azikwe mume wake, nyumba ile haikuwa imesikia kicheko cha namna hiyo.

Na kila siku Diamanto alionja moja, akakunja uso. "Chungu!" Mwongo mkubwa. Zilikuwa zimekolea zamani, naye alikuwa akizila kwa mkate nyuma ya mlango wa jiko.

Jumapili moja Garifalia akachovya mkono mwenyewe. "Mama, mbona tamu hizi?"

Diamanto akainama, machozi yakamlengalenga. "Ni tamu, mwanangu. Siku nyingi. Lakini nikisema hivyo mtaondoka, nami nitabaki naongea na mbuzi."

Stratos akachukua moja, akatafuna polepole, akatema kokwa kiganjani. Halafu akakunja uso vilevile kama mama mkwe.

"Shubiri tupu! Garifalia, ulimi wako una kasoro. Mama, itabidi tufunge ndoa hivyohivyo, kisha nikae hapahapa na mke wangu mpaka nijue kuchuma."

"Hapahapa Kalamata?"

"Hapahapa, mama."

Diamanto akalia, akacheka, akamtandika kofi la begani.

"Na ole wako uguse mti wangu kabla ya Novemba!"