Dakika Arobaini

Nilimkuta wifi yangu amechuchumaa nyuma ya cherehani, mkate umemjaa mdomoni, machozi yanamtoka kwa haraka ya kumeza. Ilikuwa mchana, siku ya tano ya mfungo.

"Wifi, nisitiri," alisema. "Daktari amenikataza kufunga. Kaka yako anajua."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kisha nikaenda moja kwa moja jikoni kumwambia mama.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeachika, nimerudi kwetu na sanduku moja. Wifi alinipokea vizuri. Alinishonea magauni mawili na hakuniuliza hata siku moja nitaondoka lini. Ndiyo sababu nilimchukia. Mwanamke aliyeachika hapendi kuhurumiwa na mwanamke anayependwa.

Jioni ile, jua halijazama, wageni wamekaa wanasubiri adhana, mama alimtengea wifi sahani peke yake.

"Kula, mwanangu. Wewe huna cha kungoja."

Mjomba akadakia kwamba siku hizi kila mvivu wa kufunga ana kisukari. Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuwapita wote. Wifi aliinamia ile sahani mpaka chakula kikapoa. Kaka alikuwa zamu kiwandani. Hakuyaona hayo, na mkewe hakumsimulia.

Kesho yake wifi alifunga. Alijidunga insulini yake asubuhi kama kawaida, ila hakutia kitu mdomoni. Alasiri ikiishia, namenya vitunguu vya futari, nikasikia cherehani inakwenda mfululizo, haipumziki. Nikachungulia. Alikuwa anashona mkono wa gauni juu ya ukosi, jasho limemlowesha mpaka mgongoni, ananitazama kama hanijui.

"Wifi... sukari," alisema, ulimi mzito.

Nikakoroga sukari kwenye kikombe. Mlangoni mama akanizuia, akatupa jicho kwenye saa ya ukutani.

"Zimebaki dakika arobaini. Ametoka mbali kote huko, ndiyo umharibie saumu yake?"

Nilijua. Nilishawahi kumsindikiza kliniki, na nesi alitueleza sote wawili maana ya jasho lile: sukari imeshuka mno mwilini. Mama alikuwa na magoti mabovu, ningeweza kumpita. Badala yake niliweka kikombe juu ya kabati, nikakaa kitako, nikaendelea kumenya vitunguu.

Adhana ilipolia tulimkuta sakafuni, anatetemeka, povu linamtoka.

Hakufa. Alilazwa wiki mbili, akarudishwa nyumbani akiwa ameshikwa mkono. Mwanawe wa miaka minne alimkimbilia, akamkumbatia miguu. Wifi akamwangalia kwa upole, akamwuliza, "Wewe mtoto wa nani?"

Mama alimwambia kaka kwamba tulimkataza wifi kufunga, wifi ndiye akashikilia lake. Kaka akanigeukia mimi.

"Ni kweli?"

"Kweli," nikasema.

Mama ameshatangulia. Mwaka wa kumi na tisa huu namwogesha wifi, namlisha, namdunga sindano zake kwa saa yake. Majirani wananitolea mfano kwa binti zao. Juzi kaka alisimama dirishani akinitazama ninavyomfuta mdomo.

"Bila wewe, mdogo wangu, huyu angeshakufa siku nyingi."

Nikamwambia asogee kidogo, ananizibia mwanga.