Wote Hugeukia Kulia

Wenye muziki wao wanaandika "soul". Sisi wa Kahama tunasema soli, na wala hatujakosea, kwa sababu muziki wenyewe unakula soli za viatu kuliko barabara ya vumbi ya kwenda machimboni. Kabla ya korona, kila Jumamosi jioni tulikuwa tunakwenda kuusakata kwenye ukumbi wa Kaushik, nyuma ya duka lake la vipuri. Marehemu baba yake aliuza redio na santuri enzi hizo, na alipofariki alimwachia mwanawe makabati yaliyojaa santuri za Wamarekani weusi ambazo hakuna mtu aliyezitaka. Kaushik hakuwa na moyo wa kuzitupa. Akaziba nyufa za sakafu ya ghala, akaipaka nta mpaka ikateleza, akaanza kuzipiga.

Mimi na mume wangu Masele tulikuwa miongoni mwa watu waliocheza hapo: manesi, wauza mchele, fundi cherehani, wapishi wa kambi za mgodini. Aliyetuona ukumbini alidhani ni wanandoa wa kuonewa wivu. Ukimchunguza sana bata humli. Nyumbani tulikuwa hatuzungumzi, isipokuwa chumvi, maji ya kuoga na umeme umekatika.

Niseme sababu mapema, nisije nikaonekana mwanamke wa kununa bure. Mtoto wetu wa pekee, Adam, alikwenda Geita kuchimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo wachimbaji wadogo wanayoyashusha kwa sururu na kuyategemeza kwa miti. Mvua zikalilainisha duara lao, likatitia naye akiwa chini. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Siku alipoondoka nyumbani mimi nilikuwa kijijini Didia, namuuguza mama yangu. Nilikuwa nimeshasema kwa maneno yaliyonyooka kwamba mwanangu hatakwenda kwenye maduara, na niliondoka nikijua mimi na baba yake tuko pamoja katika hilo. Halafu siku ya mazishi, mjomba wa Masele akauliza mbele ya jeneza, kama wazee wanavyouliza, "Kijana huyu aliondoka na radhi?" Masele akajibu kwa sauti iliyofika mpaka kwa watu wa nyuma. "Aliondoka na radhi zangu. Nilimruhusu mimi, nikamwekea mkono kichwani."

Watu wakashusha pumzi, maana hakuna anayetaka kijana alale udongoni bila radhi ya mzazi. Mimi niliganda. Mtu aliyeshindwa kumzuia mtoto ningeweza kumsamehe. Aliyemwekea mkono kichwani akamwambia nenda, huyo nilimchukia, na ninasema nilimchukia kwa sababu ndilo neno lenyewe. Lakini sikumuuliza. Nilijua siku nitakapomuuliza kwa nini, nyumba itakufa, na sikuwa na nyumba nyingine wala mtoto mwingine. Masele ndiye pekee aliyebaki duniani anayemkumbuka Adam akiwa hana meno. Nikimpoteza yeye, nitamkumbuka Adam na nani?

Soli ndiyo iliyotushika. Masele ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Kaushik alimwita kutengeneza jenereta, akabaki kusikiliza, na Jumamosi iliyofuata akaniambia nivae viatu. Ukumbini Kaushik alikuwa na sharti lake: hakuna Mama Fulani wala Baba Fulani, kila mtu anaitwa jina alilopewa na wazazi wake. Mtaani mimi ni Mama Adam tangu asubuhi hadi jioni, na kila salamu ni mwiba. Pale nilikuwa Mageni tu.

Tena ile namna ya kucheza. Hatukushikana viuno kama kwenye dansi. Soli yetu ilikuwa ya mistari, mnasimama bega kwa bega mnatazama mbele na miguu inasema kitu kimoja. Mimi nilisimama kuliani kwa Masele. Kiitikio kikifika, wote hugeukia kulia, mnapiga hatua kadhaa mkimfuata aliye mbele, kisha mnarudi. Kwa hiyo Masele aliona kisogo changu, na mimi niliona kisogo cha Nelly, nesi wa zahanati, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Nilikuwa namsikia Masele anahema nyuma yangu. Kwa muda ule nilikuwa na mume, na ulinitosha mpaka Jumamosi nyingine.

Machi ya mwaka ule wa korona, mikusanyiko ya burudani ikazuiwa. Makanisa yalibaki wazi, soko likabaki wazi, mabasi yakaendelea kujaa, sisi wa muziki ndio tulioonekana tunaua watu. Kaushik akafunga ukumbi kwa kufuli. Jumamosi ya kwanza nilikwenda nikasimama mbele ya lile kufuli nimevaa viatu vyangu vya kuchezea, kama mtu aliyekosea siku ya mnada.

Tulijitahidi, asije mtu akasema hatukujitahidi. Kaushik alifungua kundi la WhatsApp, jioni anapiga santuri, anairekodi, anaturushia, tunaambiwa kila mtu acheze kwake. Mtandao nao una visa vyake. Aliye mjini anaupata wimbo sasa hivi, aliyekwama Buseresere anaupata wenzake wameshaoga. Nelly aliandika, "Mimi ndiyo naanza, nyie mko wapi?" Watu wakahamia kwenye malimao na tangawizi, kisha matangazo ya viwanja, kisha tanzia. Fundi cherehani akajitoa kwenye kundi bila kuaga. Kucheza soli peke yako chumbani ni sawa na kujipigia hodi na kujikaribisha.

Nilimwomba Masele tucheze sebuleni. Akasogeza meza. Tukasimama bega kwa bega tukitazama ukuta, na ukutani ipo picha ya Adam ya siku ya mahafali ya kidato cha nne. Kabla kiitikio hakijafika, jirani yetu akachungulia dirishani.

"Hodi hapa, Mama Adam. Leo kuna sherehe, mayo?"

Hakuwa na ubaya, maskini. Masele alizima simu. Akairudisha meza mahali pake taratibu, kila mguu kwenye alama yake. Tangu hapo akaanza kulala kwenye mashine yake ya kukoboa, akisema kuna wezi wa mota. Nikabaki na nyumba na lile swali. Nikisonga ugali, lipo. Nikifua, lipo. Akija kula mchana nilikuwa naweka sahani haraka na kurudi jikoni, kwa sababu nilikuwa nalisikia kwenye ulimi, na niliogopa siku moja litatoka lenyewe kama tapishi.

Aprili Disha, binti wa Kaushik, akaturekodia video ya hatua zote, ile mitindo yetu ya zamani, ili miguu isisahau. Nilimwonyesha Masele. Akasema, "Miguu yangu inajua," akaendelea kufuta grisi mikononi. Mimi niliicheza video ile kila siku iliyoletwa na Mungu. Niliiegemeza simu kwenye mtungi jikoni nikacheza mpaka jasho linachuruzika, mtu mzima, na sufuria inaungua. Si kwamba nilikuwa na furaha. Nilijiambia nikizisahau hatua, basi hata ukumbi ukifunguliwa sitakuwa na mahali pa kusimama kando yake, na mimi na Masele tutakuwa tumekwisha.

Juni wakaruhusu. Kaushik akaweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, akagawa barakoa za kitenge alizoshonesha mwenyewe. Waliokuja walikuwa nusu, labda pungufu. Wengine biashara zilikufa wakarudi vijijini, wengine walizoea kukaa nyumbani, na mpishi mmoja tulimzika Mei. Kaushik alilitaja jina lake kabla ya kuweka santuri, akashindwa kumalizia, akageukia mashine yake. Tukapanga mistari miwili mifupi.

Masele alikuwa amenyoa. Alivaa lile shati lake la kola ndefu, akaja akasimama kushotoni kwangu bila kuambiwa. Nilimsikia anahema ndani ya barakoa, na moyo wangu, wallahi, ukatulia kwa mara ya kwanza tangu Machi. Nikasema moyoni, tumepona. Tutaishi hivihivi mpaka tuzeeke, bega kwa bega, na swali langu nitazikwa nalo.

Miguu ilianza vizuri. Kiitikio kikaingia. Wote wakageukia kulia, mimi nikageukia kushoto.

Disha kwenye video alisimama akitutazama sisi, na mimi nilimfuata kama mtu anavyojifuata kwenye kioo. Kulia kwake kulikuwa kushoto kwangu. Siku zote zile jikoni nilikuwa najifundisha kinyume, na hapakuwa na mtu kando yangu wa kuniambia.

Kwa hiyo Nelly akanipa kisogo akaenda zake, na Masele akanijia uso kwa uso. Aliye nyuma yake alikuwa anasogea, hakuweza kurudi. Akafika karibu kabisa. Barakoa ilikuwa imemfunika pua, mdomo, kidevu, imeondoa kila kitu kilicho chake, ikaacha macho. Adam alichukua macho ya baba yake. Kila mtu alisema hivyo tangu siku ya kwanza hospitalini, na mimi nilikuwa sijayatazama tangu makaburini.

Swali likatoka.

"Kwa nini ulimruhusu?"

Sikupaza sauti. Mstari ukavunjika nyuma yake, watu wakakanyagana, mmoja akacheka akidhani tunataniana. Masele hakujifanya kutoelewa. Akashusha barakoa mpaka kidevuni.

"Sikumruhusu, Mageni."

"Ulisema mbele ya jeneza."

"Nilisema. Ulitaka niseme nini pale?" Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayesoma kitu alichokishika kwa kichwa siku nyingi. "Alikuja na begi. Nikamwambia mama yako amekataa, na mimi nimekataa. Akasema lazima aende, wenzake wanamsubiri. Nikamwambia ukivuka mlango huu wewe si ng'wana wangu tena, na hata ukifa usiletwe kwangu. Akavuka."

Nilitaka anyamaze. Nilimwambia, "Basi." Hakunyamaza.

"Akafika Geita akanipigia simu. Akasema, shikamoo baba. Sikuitikia, nikakata. Akapiga tena, sikupokea. Zile mvua zilikuwa zimeshaanza. Wazee walipouliza habari ya radhi, nikaona ni heri unichukie mimi, kuliko ujue amelala vile."

Kaushik akanyanyua sindano ya santuri. Sijui alisikia au aliona tu nyuso zetu. Watu wakajifanya wanatafuta chupa zao za maji. Nelly alinishika mkono, nikauacha mkono kwake kama kitu kisicho changu.

Nilikuwa na mambo mawili tu yaliyonibeba tangu mazishi. La kwanza, mwanangu aliondoka na mkono wa baba kichwani, hata kama mkono wenyewe niliuchukia. La pili, nilikuwa na mtu wa kumlaumu. Masele alinipa yote mawili kwa uongo mmoja, akakaa kimya akila chuki yangu kila siku kama mtu anayekula ugali wa juzi, ili mimi nilale. Mimi sikuwahi kumshukuru, na sasa siwezi, kwa sababu kinachobaki nikiuondoa uongo huo ni Adam kushika simu na kusema shikamoo, na upande wa pili hakuna marahaba. Alishuka kwenye duara na hilo. Radhi haitumwi kaburini. Nimewauliza mapadri, nimewauliza wazee wa Didia, kila mmoja ananiambia jambo la kunifariji, na hakuna anayenitazama anapolisema.

Tuliondoka ukumbini kabla jua halijazama. Yeye mbele, mimi nyuma, watu wanatusalimia, tunaitikia. Tulipofika kwenye mashine yake ya kukoboa akasimama, akatoa funguo, akaongea bila kugeuka.

"Nichukie kwa lile la kwanza, la kumruhusu, Mageni. Lile nimeshalizoea."

Tangu tumzike mtoto hakuwahi kuniomba kitu, na nilitaka kumpa hicho. Niliitafuta ile chuki moyoni, mahali ilipokaa muda wote huo, nikaikosa. Nilidhani ikiisha nitamkuta mume wangu chini yake. Sikumkuta mtu.

"Sina tena," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kama fundi aliyeambiwa kipuri hakipo mjini. Akafungua mlango wa mashine, akaingia, na nikasikia komeo likipita ndani.