Kiti Chenye Mto Mwekundu

Anti Orpa aliposema anapenda samaki, Humphrey alitafuta mkahawa wa Kijapani karibu na ofisi yake, mjini Plano, huku ughaibuni. Hakusoma kwamba ni mkahawa wa mizimu. Tulipoingia tulikuta taa za karatasi zenye nyuso za maiti, na wahudumu waliovaa sanda, nywele zimewafunika macho.

"Gakii, mimi nimeokoka tangu tisini na moja," anti aliniambia. "Ndio unilete huku?"

Nilimsihi aingie. Alikuwa ametoka kwake Stafford alfajiri, akaendesha gari kwa muda wa saa nne peke yake, na neno lake ndilo tulilolingoja: yeye ndiye angempigia mama kule Meru kumwambia kama kijana huyu wa Kitanzania ananifaa. Ila kabla hajapiga, ilikuwa lazima ajue kwamba Humphrey ana binti wa miaka sita, Dodoma. Humphrey alikuwa amejaribu kumwambia kwa simu mara tatu. Anti hakatizwi, yeye ndiye hukatiza.

"Karibu mama, keti hapa," Humphrey alisema, akamvutia kiti kilicho kichwani mwa meza, chenye mto mwekundu, kinachotazama mlango. Angemweka wapi kwingine? Mkubwa hawekwi pembeni.

Mhudumu alimwinamia anti mara tatu, akamwekea bakuli la wali baridi, vijiti vya kulia vimesimamishwa katikati. Sisi wawili akatupatia menyu.

"Na mimi je?" anti aliuliza.

Mhudumu hakumtazama. "Hicho ni kiti cha marehemu, na wali huo ni wake," alitueleza sisi. "Kila meza ina kimoja. Aliyekikalia hasemi mpaka nipige kengele. Mwambieni yale mliyokosa kumwambia akiwa hai."

Anti alifungua kinywa. Mhudumu akaweka kidole mdomoni. Sijui kwa nini anti alitii; pengine kwa mshangao tu.

Humphrey alisimama, akamgeukia anti.

"Mama, nina mtoto. Anaitwa Zoé. Mama yake ameolewa kwingine, na bibi yake ndiye anayemlea. Nikimwoa Gakii, nitamleta Zoé tuishi naye hapa. Sikutaka ulisikie jambo hili kwa watu."

Anti alinigeukia. Nikaitikia kwa kichwa: nilijua.

Kengele ikalia. Anti aliinuka, akaja upande wangu. "Sogea." Nikasogea.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, anti."

"Na mkaningoja mpaka nife!"

Humphrey alicheka, kisha akajutia kicheko chake.

"Wewe usicheke. Leta picha."

Alimpa simu. Anti alivaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu huku supu aliyotuletea mhudumu ikipoa.

"Kesho nikitoka kanisani nitampigia mama yako," aliniambia. "Nitamwambia amepata mkwe. Na mjukuu pia, tena mwenye mapengo."